Tanga hadi Siyu kwa basi na boti: anza kuhesabu maji, basi baadaye

Kila Mfunguo Tano (Safar) ukikaribia kwisha, simu yangu haitulii. Watu wa Ngamiani, wa Chumbageni, wa Pangani, hata wa Lushoto, wanataka kwenda maulidi ya Lamu, na maswali ni yale yale. NIDA inatosha? Nauli kiasi gani? Kuna chombo cha moja kwa moja kutoka Tanga? Ukifika Lamu, Pate unavukaje? Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi, kwa sababu shangazi yangu aliolewa Siyu, kisiwani Pate, na njia hiyo naipita karibu kila mwaka. Sasa nimeyaandika, ili anayeuliza asome kwanza na aniulize yaliyobaki.

Neno moja kabla ya yote. Karibu kila mtu ninayemjua aliyekwama katika safari hii, alikwama kwa sababu aliipanga kuanzia Kange, stendi ya mabasi ya Tanga. Alikata tiketi, akajumlisha saa za barabarani, akadhani akifika baharini atakuta chombo kinamngoja. Basi hupita saa yoyote, lakini boti za Pate hupita maji yakijaa tu. Kwa hiyo panga safari kinyumenyume: shika kwanza siku na saa ya boti, rudi nyuma mpaka Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, halafu Mombasa, halafu Horohoro mpakani, na Kange iwe ya mwisho. Unayeishia Lamu mjini una nafuu, maana kivuko cha pale hakikatiki hivyo, ila hata wewe usiruke hatua ya kwanza.

KABLA HUJAFUNGA MZIGO

- Pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka ofisi ya Uhamiaji. Kitambulisho cha NIDA hakikuvushi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wana makubaliano yao ya kuvuka kwa vitambulisho vya taifa, sisi hatumo. Mtanzania halipi viza kuingia Kenya, lakini kutolipa viza si kutokuwa na hati. Mtoto naye awe na hati yake.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Watu huidharau kwa sababu wakati wa kwenda huenda usiulizwe. Utaulizwa wakati wa kurudi, maana Tanzania inaidai kwa anayetoka Kenya. Chanjo huchukua siku 10 kabla ya kadi kuanza kuhesabika, na tangu 2016 kadi moja ni ya maisha. Choma mapema.
- Shilingi za Kenya za kukutosha siku ya kwanza, noti ndogo ndogo.
- Simu yenye chaji, na betri ya akiba. Ukitaka laini ya Kenya utaisajili kwa pasipoti. Mwenye M-Pesa ya Vodacom anaweza kutuma pesa kwa M-Pesa ya Safaricom, na hilo limeokoa wengi.
- Begi moja la mgongoni na mfuko mmoja wa kitambaa. Sanduku la magurudumu liache nyumbani: kwenye ngazi za gati na vichochoro vya Lamu utalibeba kichwani. Mifuko ya plastiki usiibebe kabisa, Kenya iliipiga marufuku tangu Agosti 2017.
- Kanga au kikoi, ndala zisizoteleza, maji, na chakula kikavu cha kutosha nusu siku zaidi ya unavyodhani. Hilo la mwisho nalisisitiza, na mbele utaona kwa nini.

Kuhusu chombo cha moja kwa moja: wako watakaokwambia uende Moa au Jasini, utafute mashua ya kukuvusha upande wa pili usiku kwa bei nafuu. Usikubali. Hizo ni bandari bubu. Utaingia Kenya bila muhuri, na kwenye barabara ya Lamu pasipoti hukaguliwa mara nyingi kuliko unavyofikiri. Utakamatwa nchi ya watu, mbali na nyumbani, kwa kuokoa nauli ya siku moja.

HATUA KWA HATUA

1. Hesabu maji.

Wazee wetu wa Raskazoni na Sahare hawahitaji karatasi kwa hili, na wewe utajifunza kwa dakika tano. Tazama tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu kwenye tarehe 14 na 15, ni bamvua: maji hujaa sana kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa sana kwenye saa nne. Kila siku inayofuata, sogeza mbele kama dakika 50. Ukifika tarehe 7 au 8, na tena 22 au 23, ni maji mafu: kujaa kunaangukia karibu saa nne, asubuhi na usiku, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Mfano. Maulidi ya Lamu hufanywa wiki ya mwisho ya Mfunguo Sita (Rabiul Awwal). Ukitaka kwenda Siyu kumsalimu mtu tarehe 23 ya mwezi, maji yatajaa karibu saa nne asubuhi. Nahodha anataka kupita penye kina kifupi maji yakiwa bado yanapanda, kwa hiyo boti itaondoka Lamu mapema kuliko hapo. Maana yake lazima uwe umelala Lamu usiku wa tarehe 22. Huwezi kutoka Mombasa asubuhi ile ile ukaiwahi.

Tazama na upepo. Kusi likivuma kwa nguvu, kati ya Juni na Agosti, bahari ya nje ni nzito. Kaskazi ina jua na bahari tulivu zaidi. Masika huleta taabu nyingine, na hiyo ni ya barabarani, nitaifikia.

2. Rudi nyuma siku kwa siku.

Siku ya boti ya Pate, toa siku moja: hiyo ni siku ya Mombasa kwenda Lamu. Toa nyingine: Tanga kwenda Mombasa. Halafu toa siku moja ya akiba, ambayo wengi huona ni uharibifu. Ukifika mapema utakuwa Lamu, umekaa forodhani unakunywa kahawa na tende. Sijawahi kumsikia mtu akiijutia siku hiyo.

3. Tanga hadi Horohoro.

Una njia mbili. Kuna mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Mombasa yanayopita Tanga. Unakata tiketi ya kwenda mpaka Mombasa na basi linakungoja mpakani. Au unapanda gari dogo la kwenda Horohoro, unavuka kwa miguu yako, unapanda matatu upande wa pili. Kwa safari ya kwanza chukua basi la moja kwa moja, hasa ukiwa na wazee au watoto. Mimi hupenda ya pili, maana naondoka nikitaka na sitegemei abiria arobaini wengine wagongewe mihuri.

Toka alfajiri. Barabara ni lami, kama kilomita 65: unapita Amboni, Mabokweni, Duga Maforoni. Kaa upande wa kushoto wa gari. Unaelekea kaskazini, na jua la asubuhi linapiga kulia mpaka mchana.

4. Mpakani.

Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha pamoja: dirisha moja unagongewa kutoka Tanzania, la pili unagongewa kuingia Kenya. Jipe saa nzima. Mambo matatu:

Mwambie afisa wa Kenya siku ulizokusudia kukaa, kisha usome alichokuandikia ukiwa bado umesimama pale dirishani. Ukigundua kosa ukiwa Malindi, hakuna wa kukurekebishia.

Usimpe mtu yeyote pasipoti yako "akusaidie foleni". Wa kuishika ni afisa aliye nyuma ya dirisha, basi.

Badilisha fedha kidogo tu, na uhesabu mwenyewe. Shilingi moja ya Kenya ni kama ishirini za kwetu, hupanda na kushuka kidogo. Hapa ndipo wageni wanapoumia: mtu akikwambia "mia tano tu", sikio la Tanga linasikia pesa ya andazi, kumbe ni karibu elfu kumi. Zoea kuzidisha kwa ishirini kabla hujaitikia. Utasikia pia "soo" kwa mia na "thao" kwa elfu. Na uiangalie kila noti ya elfu: zile za zamani zenye picha kubwa ya Mzee Kenyatta ziliacha kutumika mwisho wa Septemba 2019. Za sasa zina jengo la KICC. Nimewahi kupewa ya zamani, nikaja kuigundua Likoni nilipotaka kununua maji.

5. Lunga Lunga hadi Likoni.

Kama kilomita 100 hivi. Kwenye steji, usiulize nauli kwa makanga. Muulize mama aliyekwisha kaa ndani. Atakwambia kweli, na atakuonyesha pa kuweka begi. Utapita Msambweni na Ukunda, minazi na mikorosho, na lugha utaisikia ikibadilika kidogo kidogo: Kidigo upande huu na upande ule wa mpaka ni ndugu, na Mdigo wa Mkinga hapa hajihisi mgeni hata kidogo.

6. Kivuko cha Likoni, na kulala Mombasa.

Gari likifika Likoni unashuka na kuvuka kwa miguu. Mtembea kwa miguu halipi. Begi livae kifuani, simu mfukoni, na usikimbie. Kivuko kikianza kujaa, ngoja kinachofuata, hakichelewi. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, jirani na hapo, kilizama kwa kubeba watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 250 wakafa. Ukiingia, tazama majaketi ya kujiokolea yako wapi, simama mahali unapoweza kuyafikia, na usisogee mbele na umati kabla hakijafunga gati.

Usijaribu kuunganisha Tanga na Lamu siku moja. Lala Mombasa. Ofisi nyingi za mabasi ziko Mwembe Tayari na pande zile. Kata tiketi ya Lamu jioni hiyo hiyo, kisha utafute chumba karibu, uende kwa miguu alfajiri.

Isome tiketi. Saa iliyochapwa ni ya Kizungu: 07:00 ni saa moja asubuhi. Kijana wa mtaani kwetu aliisoma saa saba, akaenda stendi baada ya sala ya adhuhuri, na basi lilikuwa limekwisha pita Malindi.

7. Mombasa hadi Mokowe.

Hii ndiyo siku ndefu, kama kilomita 340, saa saba au nane garini na zaidi ukaguzi ukiwa mwingi. Panda basi la asubuhi. Barabara ya Lamu usiitembee usiku hata ukiambiwa kuna gari, na usikubali bodaboda wala gari la mtu la kukata njia. Eneo hilo limeona mashambulizi, Mpeketoni mwaka 2014 yakiwa mabaya zaidi, na ndiyo sababu ya vizuizi vyote utakavyokutana navyo.

Mpaka Malindi ni safari nyepesi: Mtwapa, mkonge (Mtanga lazima akumbuke kwao), daraja la Kilifi na maji ya buluu chini yake, kisha Gede. Kula Malindi ikiwa basi litasimama, na ujisaidie hapo hata kama hujabanwa.

Baada ya Malindi bahari inakuacha. Nchi inatanda, tambarare, mti mmoja hapa na mwingine kule, na anga kubwa kuliko ya kwetu. Ukikaribia Garsen unavuka Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, rangi yake ya chai ya maziwa. Makundi ya ng'ombe wa Waorma hukatiza barabara na dereva huzima injini kuyangoja, na kwenye kingo utaona mashamba ya Wapokomo, migomba na mpunga, na mitumbwi imefungwa kwenye vigingi. Usilale hapa. Nimepita mara nyingi na bado sijaichoka nchi hii. Kisha Witu, ambako palikuwa na usultani, na ambako Wajerumani hao hao waliojenga Tanga yetu walikuwa na himaya kuanzia 1885 mpaka walipoiachia Uingereza mwaka 1890.

Vizuizini askari hupanda au huwashusha abiria wote mkapita mmoja mmoja na vitambulisho. Pasipoti iwe mwilini, si kwenye begi lililofungwa juu ya basi. Jibu ulichoulizwa: unatoka wapi, unakwenda kwa nani. Jua jina la mtaa wa mwenyeji wako. Kamera na simu ziwe chini. Askari, kambi na bandari mpya ya Lamu havipigwi picha.

8. Mokowe hadi Lamu.

Barabara inaishia kwenye gati. Vijana watakuzunguka, kila mmoja na boti yake. Weka begi chini, kunywa maji, tazama. Kuna boti kubwa za abiria, za pole pole, kama nusu saa. Na kuna za kasi, dakika kumi hivi na bei juu. Zote zinafika. Chagua kwa vitu viwili: je, kila abiria ana jaketi, na je, ukingo wa boti uko juu ya maji kiasi cha kutosha baada ya watu kuingia? Ukiona maji yanakaribia ukingo, shuka. Usione haya. Mlipe mwenye boti, usimlipe aliyekubebea begi, na ujira wa hamali mkubaliane kabla hajaligusa.

Ukifika Lamu maji yakiwa yamekupwa, ngazi za chini za gati zina ukoko wa mwani na zinateleza. Shika mkono wa anayekupokea, mguu mmoja kwanza, begi baadaye. Juu ya ngazi huna haja ya gari. Mji huo ni wa miguu na punda. Ukisikia "semile" nyuma yako, jibanze ukutani, kuna punda ana mzigo wa matofali.

Kiamu, Kiswahili cha Lamu, kitakuchanganya siku ya kwanza: "moya" ni moja, "muyi" ni mji, "tini" ni chini. Usicheke na usiwasahihishe. Wao wanaona ni sisi tuliokipotosha.

9. Lamu hadi Mtangawanda na Siyu.

Jioni ya kufika, kabla hujaoga, rudi gatini uulize boti ya Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate, kesho inaondoka saa ngapi. Waulize watu wawili wasiojuana, mmoja nahodha na mmoja muuza duka. Saa zikitofautiana, shika ya mapema.

Boti hupita Mkanda, mfereji mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakiwa madogo haupitiki, na njia nyingine ni kuzunguka Manda kwa nje, kwenye mawimbi ya bahari kuu. Ukisikia nahodha anazunguka nje wakati wa kusi, ahirisha. Safari ya kawaida huchukua muda wa saa mbili hivi. Kaa katikati, karibu na nyuma: mbele kunarusha maji, na nyuma kabisa kuna moshi. Mwenye kutapika atafune tangawizi mbichi na atazame upeo wa macho, asitazame simu. Funga begi ndani ya turubai.

Mtangawanda utapata bodaboda mpaka Pate mjini au Siyu. Siyu nenda kwa mafundi wa ngozi. Viatu vyao bado vinashonwa kwa mkono, na jozi moja yangu ina miaka sita.

10. Kurudi.

Hesabu maji upya. Saa si zile za kuja. Mpakani toa pasipoti na kadi ya manjano pamoja. Na nakuomba sana, usibebe miraa, hata kishada kimoja ulichopewa zawadi. Kenya inauzwa wazi sokoni. Kwetu ni mirungi, ni dawa ya kulevya kwa sheria, na ukaguzi wa Horohoro unaijua harufu yake. Vilevile usikubali kushika mfuko wa abiria mwenzio "mpaka tuvuke".

MAMBO YAKIENDA MRAMA

Umepoteza pasipoti. Nenda polisi wa hapo ulipo upate karatasi ya taarifa, kisha uwasiliane na ubalozi mdogo wa Tanzania Mombasa. Ndiyo sababu ya kupiga picha ukurasa wa jina na ule wenye muhuri, na kumtumia mtu nyumbani Tanga kabla ya kutoka mpakani.

Barabara imekatika. Tana likifurika, kipande cha Garsen hadi Witu ndicho cha kwanza kuzama. Ilitokea mwishoni mwa 2023 na tena 2024. Mabasi yakisimama, bakia Malindi au Mombasa usubiri. Usipande mtumbwi wa kuvukia mafuriko. Maji yale yana kasi na yanaficha magogo. Siku yako ya akiba ni ya kazi hii.

Fedha zimekwisha. Usikope kwa mwenye boti. Piga simu nyumbani utumiwe kwa simu, ama kwenye laini yako ya Kenya au ya mwenyeji unayemwamini.

Boti imeondoka umeiona. Usikodi boti ndogo kuifukuza. Maji yaliyomtosha yeye yanapungua kila dakika unayojadiliana bei. Rudi ulale.

Boti imekwama Mkanda. Hili lilinipata mimi, kwa sababu nilikuwa miongoni mwa waliomhimiza nahodha aondoke wakati yeye mwenyewe alikuwa anasita. Tulichelewa kama saa moja, tukingoja mabati ya mtu. Katikati ya mikoko tukasikia chini panakwaruza, taratibu, kama mtu anaburuta gunia. Mashine ikakohoa ikatema tope. Nahodha akaizima, akashika pondo, akasukuma. Pondo ikazama kwenye matope mpaka mkononi na boti haikusogea.

Likikupata, fanya hivi. Usishuke kusukuma: tope la Mkanda linameza mguu mpaka nyongani na mizizi ya mikoko inakata. Usihamie upande mmoja; mkae pande zote sawa, maana maji yakizidi kupwa boti itainama, na wazito wote wakiwa upande mmoja italala. Watoto na wazee wapewe kivuli kwanza. Maji ya kunywa yakusanywe, yahesabiwe, yagawanywe kwa vifuniko. Pigeni simu mnakokwenda mapema, kabla chaji haijaisha, mseme mko wapi na mko wangapi, ili wasitoke kuwatafuta gizani. Kisha ni kungoja, na kungoja ni kama saa sita au zaidi mpaka kina kirudi.

Sisi tulingoja tangu adhuhuri. Nilikuwa na chupa moja ya maji na karanga za kukaanga, nimekwisha zila nusu kabla ya kukwama. Maji yalishuka yakiacha mstari mweusi kwenye mizizi, mstari chini ya mstari, na kaa wekundu wakatoka mashimoni wakawa wanatutazama. Mama mmoja wa Faza, ambaye safari nzima hakuwa amesema neno, alifungua kikapu chake cha ukili. Ndani kulikuwa na mahamri aliyokuwa akimpelekea binti yake aliyejifungua. Aliyahesabu kwa kidole, akatuhesabu na sisi, akaanza kuyakata vipande vinne vinne, akampa kwanza mtoto wa mwenye mabati.

Jua likatua. Mtu akaadhini akiwa amesimama juu ya magunia. Ilipopita isha kitambo, nilikuwa nimeegemea ubavu wa boti, nikahisi mgongoni kitu kama kugongwa kidogo, kisha tena. Nahodha alikuwa amehisi kabla yangu. Alichovya pondo, akaitoa, akapima maji kwa kiganja, akasema tukae vile vile tulivyo, bado.

Tuliingia Mtangawanda karibu na usiku wa manane. Siku hizi nabeba chakula cha watu watatu.